Maikrowevu imerusha cheche: niitupe, niifungue au niisafishe?

Swali: Fundi, salaam. Dada yangu aliponunua maikrowevu mpya alinipa yake ya zamani, ninayo mwezi wa nne sasa. Juzi nilikuwa napasha chakula, ikaanza mlio kama wa kitu kinachokaangwa, nikaona cheche kwenye ubavu wa kulia kwa ndani, na harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Niliizima na sijaigusa tena. Mama mkwe anasema niitupe kwa sababu inatoa mionzi ya saratani. Mume wangu anataka kufungua boksi la nyuma aisafishe. Nina mtoto wa miezi saba na mwingine wa miaka mitano. Naomba unishauri: niitupe au niisafishe? Na kama ni kusafisha, nafanyaje?

Jibu: Dada yangu, salaam nawe. Kabla sijaeleza lolote, naomba umwambie mumeo aiweke bisibisi chini. Najua nia yake ni njema, na pengine amekwishafungua feni na pasi zikapona mikononi mwake. Maikrowevu haifanani na hivyo. Nyuma ya lile bati kuna transfoma inayopandisha umeme wa ukutani hadi kiasi cha volti 2,000, na kando yake kuna kapasita, kikopo cha bati kisichozidi ngumi, kinachosaidia kuufikisha karibu volti 4,000. Kazi ya kapasita ni kutunza umeme. Ukichomoa plagi, ule uliokwishaingia humo unaweza kubaki humo humo. Kuna kirezista kidogo kinachowekwa ili kuumwaga taratibu, lakini nacho huharibika kama kitu kingine chochote, na kikiharibika hakuna taa wala mlio wa kukujulisha. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na mpaka leo nikifungua maikrowevu sigusi waya hata mmoja kabla sijapima kapasita na kuhakikisha imekauka umeme. Volti hizo zinaua, na zimeua mafundi waliojua wanachokifanya.

Tena kule nyuma hakuna cha kusafisha. Chakula kinarukia ndani ya chumba cha kupashia, hakifiki kwenye transfoma. Kama matundu ya hewa yameshika vumbi, chomoa plagi, uyafute kwa nje kwa kitambaa kikavu. Basi.

Sasa hizo cheche. Umezieleza vizuri sana: mlio wa kukaanga, ubavu wa kulia, harufu ya kuungua. Maelezo hayo matatu yananipeleka moja kwa moja mahali pamoja. Plagi ikiwa imechomolewa, fungua mlango utazame ukuta wa kulia. Utaona kipande kinachofanana na karatasi ngumu, rangi yake kati ya fedha na kahawia, kina mng'ao kidogo, ukubwa wa kiganja au zaidi, kimeshikwa kwa skrubu au vishikizo vidogo. Watu wengi hudhani ni kadibodi iliyosahauliwa kiwandani, wakaing'oa na kuitupa. Hiyo ni mika, madini yanayochanika tabaka nyembamba kama kurasa. Mawimbi yanapita ndani yake bila kuipasha moto, na papo hapo inazuia mafuta na mvuke visiingie kwenye mfereji unaotoka kwa magnetroni, yaani ile injini inayozalisha mawimbi.

Tone la mchuzi linaruka, linatua pale kwenye mika. Hukuliona, au uliliona ukasema nitalifuta kesho. Kesho likapashwa tena, keshokutwa tena, mpaka likawa mkaa. Tofauti ya chakula na mkaa ndiyo kiini cha jambo lako. Chakula chenye maji kinayapokea mawimbi, kinapata joto, na yamekwisha. Mkaa unapitisha umeme. Mawimbi yakiugusa, umeme unatembea ndani ya kile kidoa, kinakuwa chekundu, kinarusha cheche, cheche zinachoma mika iliyokizunguka, na mika iliyolowa mafuta ikiungua inaongeza mkaa juu ya mkaa. Ndiyo maana jambo hili huanza kama kidoa cha kuchekesha na kuishia kwenye tundu. Mika nyingi ninazozitoa zina sura moja: tundu jeusi lisilozidi ukucha wa kidole gumba, kingo zake zinameguka zikiguswa, na kuzunguka tundu kuna utando wa manjano unaonata kidoleni. Ule utando ni mafuta ya miezi. Ungefutwa siku ya kwanza, tundu lisingekuwepo.

Nakwambia haya kwa kirefu kwa sababu watu huweka usafi wa maikrowevu kwenye fungu la mapambo ya jiko, na usalama kwenye fungu jingine. Katika chombo hiki ni fungu moja. Chumba kikiwa safi, mika haichomeki, mlango unafunga sawasawa, na chakula chenyewe kinapata joto linalokistahili, maana uchafu uliobaki ukutani nao unakula sehemu ya mawimbi kila unapowasha.

Kuna visababishi vingine vya cheche, nivitaje haraka: kijiko au uma uliosahauliwa kwenye bakuli, foili iliyokunjamana, sahani yenye mstari wa dhahabu ukingoni, kile kiwaya chembamba cha kufungia mifuko, au rangi ya ndani iliyobanduka bati likabaki wazi. Jiulize kama siku ile kulikuwa na kimojawapo. Hata kama kilikuwepo, ichunguze mika vilevile.

Tuje kwenye kusafisha. Utasikia kila mtu akisema uweke bakuli la maji na limau ndani, uwashe dakika chache, uchafu ulainike. Ni njia nzuri na nitakurudishia. Lakini siyo kwako leo, kwa sababu inakutaka uiwashe, na chombo kilichorusha cheche hakiwashwi kabla mika haijakaguliwa. Kwa hiyo mvuke wako wa kwanza utoke nje. Chemsha maji kwenye birika, yamimine kwenye bakuli pana, ongeza vijiko viwili vya siki, liweke ndani, funga mlango, acha robo saa. Plagi ibaki imechomolewa muda wote. Ukifungua utakuta kuta zimelowa jasho na makoko yamelegea, mengi yatatoka kwa kitambaa laini bila kusugua.

Sahani ya kioo na ile pete yenye magurudumu chini yake vitoe, uvioshe kwa sabuni kama vyombo vingine. Siku nyingine, kama sahani imetoka kutumika na bado ina moto, isubiri ipoe. Kioo cha moto kikikutana na maji baridi kinaweza kupasuka mkononi. Futa pia chini ya magurudumu. Mahali hapo husahaulika, na chembe iliyokauka pale ndiyo huifanya sahani itembee kwa kurukaruka.

Vitu vya kutotumia: waya wa kusugulia sufuria, kisu, na kitu chochote chenye makali. Vinakwangua rangi, na bati lililokwanguliwa hushika kutu, halafu hapo hapo panakuwa pa kurushia cheche. Nyuzi za ule waya zikikatikia ndani nazo ni cheche za kesho. Usipulizie dawa moja kwa moja kwenye kuta zenye matundu. Pulizia kitambaa, kisha ufute. Na siki isikutane kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Zikichanganyika hutoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu, na wewe kichwa chako kiko ndani ya kisanduku kidogo. Klorini haihitajiki hapa hata kidogo. Kwa harufu iliyoganda, paka uji mzito wa maji na bikaboneti ya soda, ile poda nyeupe ya kuumulia keki, uache nusu saa ndipo ufute kwa maji safi. Usiipake mika.

Mika yenyewe ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya sabuni kikakamuliwa, mkono mwepesi, kisha uipitishie maji safi na uiache ikauke kabisa. Sasa tazama. Kama doa limetoka na chini yake mika ni nzima, una bahati. Kama weusi umebaki, au kuna tundu, au imeanza kuachana tabaka, haifai tena na hakuna namna ya kuiokoa. Mika huuzwa kwa karatasi zake, hukatwa kwa mkasi kwa kufuata kipimo cha ile ya zamani. Hapa ndipo mumeo anapoweza kusaidia kweli: kwenye maikrowevu nyingi hubadilishwa kwa ndani, kwa kutoa skrubu moja au vishikizo viwili, bila kugusa boksi la nje. Asiweke kadibodi wala plastiki badala yake, na chombo kisiwashwe bila mika. Kama akiitoa ya zamani akaona chuma kilichoungua au kuyeyuka kwenye mfereji ulio nyuma yake, kazi iishie hapo, iende kwa fundi.

Nije kwa mama mkwe. Usimpuuze, maana neno mionzi limebeba vitu vingi na si kosa lake kuvichanganya. Chombo hiki kimetokana na rada. Mwaka 1945 mhandisi wa Marekani aliyeitwa Percy Spencer, akifanya kazi kwenye kampuni ya Raytheon iliyotengeneza rada za kijeshi, alisimama karibu na magnetroni akakuta peremende iliyokuwa mfukoni imeyeyuka. Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima. Kilichoyeyusha ile peremende ni mawimbi ya jamii moja na ya redio, yanayotikisa molekuli za maji mpaka zipate joto. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama mionzi ya eksirei inavyoweza kufanya. Mlango ukifunguliwa, magnetroni inazimika na mawimbi yanakoma papo hapo, kama chumba kinavyoingia giza ukizima taa. Hayabaki ndani ya chakula, na chakula hakigeuki kuwa na mionzi.

Ila mama ana sehemu moja ya kweli, nayo ni mlango. Mawimbi yale yana urefu wa kama sentimita 12, na ule wavu wenye vitundu unaouona kwenye kioo unayarudisha ndani kwa sababu vitundu ni vidogo mno kwao. Mwanga unapita, mawimbi hayapiti. Kinga hiyo inategemea mlango mzima. Kanuni za Marekani tangu mwaka 1971 zinataka kisichozidi miliwati 5 kwa kila sentimita mraba kivuje, kikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye chombo, kwa muda wote wa uhai wake, na ukisogea nusu mita kiasi hicho kinashuka hadi karibu sehemu moja ya mia. Ni kidogo sana. Lakini mlango uliopinda, bawaba iliyolegea, kioo kilichopasuka, wavu uliochanika au kitasa kisichoshika vizuri vinavunja hesabu hiyo. Yako ni ya kurithi, kwa hiyo ikague kwa makini. Futa kingo za mlango na fremu unayokaa, kwa sababu mafuta yaliyoganda pale huuzuia usibane. Na kama ukifungua mlango katikati ya kazi ikaendelea kunguruma na kuzungusha kana kwamba umefungwa, chomoa plagi na usiiwashe tena hata mara moja mpaka fundi aione. Wapo wanaopima kwa kuweka simu ndani na kuipigia. Simu kuita hakuthibitishi kwamba mlango unavuja, na kutoita hakuthibitishi kwamba ni mzima. Usiutegemee mtihani huo.

Kusema kweli, mikono na nyuso ninazoziona zimeumia kwa sababu ya maikrowevu zimeumizwa na joto. Na wewe una watoto wawili, kwa hiyo hapa nisikilize vizuri.

Maziwa ya huyo wa miezi saba usiyapashe humo. Mawimbi hayafiki kila mahali sawasawa. Ndani ya chumba kuna sehemu yanapokutana kwa nguvu na sehemu yanapofifia, ndiyo sababu sahani inazungushwa. Kwenye chupa ya mtoto matokeo yake ni haya: unashika chupa unaiona ya uvuguvugu, kumbe katikati maziwa yanaunguza. Mkono wako umeambiwa habari za chupa, haukuambiwa habari za maziwa. Isimamishe chupa kwenye chombo cha maji ya moto ya wastani, itikise, dondosha matone kwenye kifundo cha mkono ndipo umpe. Inachukua dakika chache zaidi, na dakika hizo ni kinywa cha mtoto.

La pili ni maji matupu. Sijalisahau kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe. Nilipasha kikombe cha maji kwa ajili ya chai, nikakisahau, maji yakapoa kidogo, nikayapasha tena. Nilipofungua yalikuwa yametulia kama ya kisimani, hayana hata povu. Nilipotumbukiza kijiko, nusu ya kikombe iliruka juu kwa mlipuko mmoja ikanimwagikia kiganja na kifundo. Maji kwenye chombo laini na safi yanaweza kupita joto la kuchemka bila kutoa povu, kwa sababu povu linahitaji mahali pa kuanzia, na kikombe kile hakina. Yakipata kisingizio, kijiko, sukari, hata mtikisiko, yanachemka yote kwa mara moja. Kwa hiyo tumbukiza kijiti au mwiko mdogo wa mti tangu mwanzo, usiyapashe mara mbili, usizidishe muda, na zikiisha dakika zake yaache nusu dakika kabla ya kuyatoa, uso ukiwa mbali.

Yai zima ni ndugu wa tatizo hilo. Lenye ganda hulipuka, na hata lililochemshwa likamenywa linaweza kungoja mpaka utoke nalo na kuling'ata. Chochote chenye ngozi, kama kiazi, kitobolewe kwa uma kwanza. Chombo chenye kifuniko kilegezwe mvuke upate pa kutokea, na unapokifunua, kifunulie upande usioelekea kwako. Kuhusu vyombo, kioo kinachostahimili moto na kauri isiyo na dhahabu ndivyo ninavyovipenda. Plastiki iwe na alama ya maikrowevu. Melamini, ile ngumu inayofanana na kauri, isiingie kabisa. Ukiwa na shaka na bakuli, liweke tupu pamoja na kikombe cha maji, washa dakika moja: bakuli likiwa la moto na maji bado baridi, halifai.

Chakula kilicholala kikoroge katikati ya kupasha, kisha kiache kama dakika mbili kabla ya kula, joto lisambae. Mawimbi yanaingia sentimita chache tu, katikati hupata joto kutoka pembeni. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifikie nyuzi 70 mpaka ndani, na sahani inayotoa moshi ukingoni huweza kuwa ya jokofu katikati.

Usiiwashe ikiwa tupu. Mawimbi yakikosa cha kuyapokea yanarudi kwa magnetroni na kuiumiza. Na ikitokea kitu kimeshika moto ndani, mkono usiende kwenye mlango. Zima, chomoa plagi, acha umefungwa. Moto bila hewa mpya hujifia. Ukifungua unaulisha.

Mtoto wa miaka mitano hana kazi na chombo hiki bado, hasa kama kimewekwa juu ya kichwa chake, maana atavuta bakuli la moto likija usoni. Kiwekwe usawa wa kifua cha mtu mzima, matundu ya hewa yakiwa wazi, na plagi iende moja kwa moja ukutani. Iliyoandikwa wati 800 huvuta zaidi ya 1,200 kutoka kwenye soketi, kwa sababu namba ile ni ya nguvu inayofika kwenye chakula. Ekstensheni nyembamba haiwezi mzigo huo, itapata moto.

Basi, mika ikishakuwa nzima na kila kitu kimekauka, rudisha pete na sahani, weka kikombe cha maji chenye kijiti cha mti ndani yake, washa dakika moja na usimame mahali unapouona ubavu wa kulia. Kikiwa kimya isipokuwa mngurumo wa kawaida, maji yakapata joto, kitumie. Kuanzia hapo kifute kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya kutumia, kingali na uvuguvugu, na mara moja kwa wiki ndipo ufanye ule mvuke wa maji na limau, dakika tatu kimewashwa na tano kimefungwa. Mlio wa kukaanga ukirudi kwenye jaribio hilo, hata cheche moja tu, chomoa plagi na ukipeleke kwa fundi, umwambie mika imeshabadilishwa au la, ili aanzie kwenye magnetroni.